Totaram Gangwar na Mashine Iliyozimika Alasiri

Totaram Gangwar, fundi wa mizani na kompyuta wa Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Miwa cha Narharpur, anastaafu tarehe 31 Januari 2024 baada ya kukitumikia chama miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku tisa. Yote anayoyajua kuhusu kompyuta nilimfundisha mimi.

Sentensi hiyo ya pili ni uongo. Mimi, Chhedi Lal, nilikuwa tarishi wa ofisi hii mpaka mwaka 2012. Nimesoma hadi darasa la tano, na hilo la tano niliingia kwa mlango wa nyuma. Kwenye kompyuta kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi, nayo nilikatazwa baada ya kutumia kitambaa chenye maji. Lakini katibu wa sasa aliponikabidhi faili la Totaram niandike wasifu huu, aliniambia, "Mzee, andika upendavyo, mradi uwe mfupi." Nimeshika nusu ya agizo.

Kwa mujibu wa cheti cha shule, Totaram alizaliwa tarehe 15 Januari 1964. Mwalimu wa kijiji chao aliandika tarehe hiyo kwa nusu ya darasa, maana alikuwa na haraka ya kwenda kula. Mama yake alisema siku zote kwamba mwanawe alizaliwa ngano ikivunwa, yaani Aprili. Kwa hiyo njaa ya mwalimu mmoja imetunyang'anya miezi mitatu ya Totaram, na hakuna wa kumshtaki.

Aliajiriwa Novemba 1989 kama fundi wa mizani. Vituo vyetu vya kupimia miwa vilikuwa tisa, na kila kimoja kilikuwa na mizani yenye tabia zake kama mama mkwe. Mwaka 1996 mizani ya kituo cha Kheria ilianza kuzidisha uzito kila asubuhi. Wakulima walifurahi, chama kikanuna, na mpimaji akaitwa mwizi mbele ya watoto wake. Totaram alisema neno lake moja ambalo sote tunalijua: "Hebu tuone." Akashuka ndani ya shimo la mizani, akamkuta jike la mbwa amejilaza juu ya wenzo pamoja na watoto sita. Akawatoa mmoja mmoja, akawapima, akaandika uzito wao kwenye kitabu cha mpimaji, na mpimaji akarudishiwa jina lake. Mbwa wale walihamia kwa Totaram. Mkewe hakuulizwa.

Kompyuta ya kwanza ililetwa mwaka 2003 juu ya tela, imefungwa kwa magodoro mawili ya pamba kama bibi harusi mgonjwa. Totaram alipelekwa mjini akasome wiki tatu, akarudi na daftari la shule lililojaa michoro. Tangu siku hiyo vikaratasi vya zamu vilitoka kwenye mashine. Kwa vijana wa leo mnaopata zamu zenu kwa simu: zamani mkulima hakuruhusiwa kupeleka miwa kiwandani bila kikaratasi chenye jina lake na siku yake. Kikichelewa, miwa iliyokatwa inalala shambani, inakauka, inapoteza uzito, na mkulima anakuja dirishani kwetu kutaja mama zetu.

Faili la Totaram lina karatasi mia mbili na kumi. Barua za pongezi ni kumi na moja. Karipio la maandishi ni moja tu, la tarehe 24 Januari 2009, na linasema "kwa uzembe wa kuweka mashine ya ofisi mahali pasipofaa." Karipio hilo ndilo lililonifanya nikubali kushika kalamu.

Wiki ya pili ya Desemba 2008 mashine ilianza kuzimika. Haikuwa umeme kukatika. Umeme ukikatika hapa hata watoto wachanga hujua. Betri ya akiba ilikuwa inafanya kazi vizuri, taa ndogo ya skrini inawaka, ila sanduku lenyewe linakata roho katikati ya neno. Ukibonyeza kitufe, kimya. Ukingoja robo saa, linaamka kama mtu aliyesinzia mazishini, na kazi yote isiyohifadhiwa imepotea.

Wiki hiyohiyo ndipo Munesh alipoanza kazi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na nne, ameajiriwa kwa mkataba mfupi, anaingia saa saba mchana na kutoka jioni. Asubuhi mashine ilikuwa ya Harpal, mpwa wa katibu wa wakati ule, Bwana Dwivedi. Asubuhi mashine ilifanya kazi kama ng'ombe wa maziwa. Alasiri ilizimika. Hesabu ya watu ikawa nyepesi: kwa Harpal inafanya kazi, kwa Munesh inakufa, basi tatizo ni Munesh.

"Dada Munesh," Harpal alimwambia mbele ya wakulima, "njoo uguse na trekta ya baba, tuokoe dizeli."

"Kaa wewe hapa alasiri, tuone itakavyokubembeleza," Munesh akamjibu.

Wakulima walimpa jina la Mkono wa Kifo. Mmoja alikataa kupokea kikaratasi kutoka kiganjani mwake, akataka kiwekwe mezani kwanza. Munesh hakulia mbele yetu. Baba yake alikuwa amevunjwa nyonga na tela la miwa mwaka uliotangulia, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mkataba ule. Ulikuwa unakwisha tarehe 31 Januari. Bwana Dwivedi alishasema hatauongeza, na akamwagiza Harpal aandike barua ya kumwachisha.

Harpal, kwa uvivu wake, aliiandika alasiri. Alifika kwenye "tunasikitika" mashine ikazimika.

Munesh alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Pole, kaka," akasema. "Imekukataa na wewe?"

"Kiti bado kina joto lako!" Harpal akafoka, na niapie samli ya bibi yangu, katibu aliikubali hoja hiyo. Barua ikaandikwa upya kesho yake asubuhi, ikatiwa saini, ikafungiwa kwenye droo ingoje siku yake.

Totaram yeye alikuwa na shida nyingine. Msimu wa miwa mchana alikuwa vituoni kwenye mizani, kwa hiyo mashine aliiona asubuhi tu, ikiwa na afya. Mnajua mtoto anayekohoa wiki nzima na mbele ya daktari anaimba. Hata hivyo hakusema ni mikosi. Alifungua sanduku, akakuta vumbi la miaka mitano limeshikamana kwenye feni kama blanketi. Akaniomba brashi yangu ya kunyolea ndevu, ya nywele laini, zawadi ya shemeji yangu. Nikampa. Akasafisha feni zote. Alasiri mashine ikazimika.

Akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, akaweka nyingine kutoka kwenye mashine ya ghala. Ikazimika. Akachomoa memori, akaifuta miguu yake kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Ikazimika. Akakwangua ile dawa ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, akapaka mpya, nyembamba kama siagi ya mtu bahili. Akatafuta virusi, akavikuta kumi na vinne, vyote vililetwa na Harpal pamoja na nyimbo zake. Akavifuta. Ikazimika.

Kila mara Munesh alikuwa anasimama pembeni asubuhi kabla ya zamu yake, anauliza, "Kaka Totaram, leo?" Naye anajibu, "Hebu tuone, dada." Nilikuwa naangalia uso wa binti yule ukijifunga kidogo zaidi kila siku.

Ndipo akampa Munesh daftari. "Ikizimika andika saa. Isipozimika andika pia. Usiandike unachofikiri, andika unachokiona."

Munesh aliandika wiki tatu bila kukosa. Jumatano saa tisa na dakika kumi. Alhamisi saa tisa na ishirini. Ijumaa saa tisa na tano, na tena saa kumi na robo. Jumamosi, Jumatatu, vivyo hivyo. Jumanne: haikuzimika. Jumanne iliyofuata: haikuzimika. Ya tatu: haikuzimika.

Harpal akasema Jumanne ni siku ya mungu Hanuman, na Hanuman anailinda mashine dhidi ya wenye mikosi. Totaram alilipenda swali lile la Jumanne kuliko chakula. Alitembea nalo. Nilimwona amesimama kwenye kituo cha mizani, mkate wake wa mahindi na mboga ya haradali mkononi, hatafuni, anaangalia mbingu. "Chhedi," aliniuliza, "kuna kitu gani duniani kisichofanya kazi Jumanne?"

"Mimi," nikamwambia. "Na Jumatano."

Jumatano ya tarehe 21 Januari akamwachia mpimaji mizani yake, akaketi ofisini mchana kutwa. Ilikuwa baridi ile ya ukungu unaokaa siku nne bila kuhama. Sote tumejifunika shali mpaka masikioni, wino umeganda kwenye kalamu. Nani angewaza joto mwezi kama huo? Totaram hakugusa kitu. Aliketi tu nyuma ya Munesh kama mjomba anayekagua bwana harusi.

Saa tisa kasorobo nikaingia kuchukua mafuta yangu ya nywele.

Hapa lazima mjue jambo. Mafuta ya nazi Januari yetu huganda kama mshumaa. Watu huweka chupa juani au hukaa wakiikumbatia. Mimi nilikuwa na siri yangu. Kwenye ukuta wa mashariki wa chumba kile, katika pembe, palikuwa na shubaka dogo, na chupa ikiwekwa hapo asubuhi, alasiri inakuwa imeyeyuka. Nilifanya hivyo miaka mingi. Sanduku la kompyuta sasa lilikuwa chini ya shubaka hilohilo, mgongo wake umebanwa ukutani. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa cha Munesh, nikachukua chupa, nikamimina mafuta kiganjani, safi kama maji ya kisima.

Totaram akainuka. "Chhedi, mafuta yako mbona hayajaganda?"

"Yagande na mimi niko hai? Hapa huyeyuka kila alasiri."

"Kila alasiri?"

"Ila Jumanne. Jumanne yanakuwa jiwe, ndiyo maana Jumanne nywele zangu zinasimama kama nungunungu."

Hakucheka. Alipenya nyuma ya meza, akaweka kiganja ukutani, akakitoa haraka. Munesh naye akasema polepole, "Kaka, mimi miguu yangu hapa haijawahi kuona baridi. Nilidhani ni joto la mashine yenyewe, nikaona angalau ina wema huo."

Ng'ambo ya ukuta ule ni duka la Jhabbu, mpika halua. Jiko lake la udongo limejengwa limeegemea ukuta wetu tangu enzi za baba yake. Asubuhi anauza kilicholala. Saa saba anawasha moto wa kuni na makapi ya miwa, anapandisha karai la maziwa, kisha karai la halua ya karoti, na ukuta unapata moto taratibu mpaka saa tisa ndipo unakuwa kama mgongo wa mwenye homa. Jumanne soko la Narharpur linafungwa. Jhabbu analala.

Mnaona ilivyokuwa? Mbele, ukiligusa, sanduku ni baridi kama chura. Nyuma, feni inavuta hewa ya jikoni kwa Jhabbu. Mashine ilikuwa na akili kuliko sisi: ilipoona inaungua, ikajizima ili isife.

Totaram aliwaita Bwana Dwivedi na Harpal. Akaivuta meza hatua mbili kutoka ukutani, akamkalisha Munesh. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Mashine ikatoa vikaratasi mia tatu na sitini bila kupepesa. Kesho yake akairudisha ukutani alasiri, akamkalisha Harpal. Dakika ishirini na tano, ikazimika.

"Kiti kina joto la nani leo?" Munesh akauliza.

Bwana Dwivedi akaitoa ile barua kwenye droo, akaichana mara nne. Mkataba ukaongezwa. Harpal akatoka nje kununua halua, maana hakuwa na pengine pa kwenda.

Sasa wengi wenu mnadhani hadithi imekwisha hapo, na imekuwa ikisimuliwa hivyo miaka kumi na tano. Imebaki sehemu ambayo watu wawili tu tunaijua.

Kompyuta ile haikuwa kwenye pembe ile zamani. Ilikuwa karibu na dirisha la kusini, mahali penye hewa na jua. Desemba ile kigoda changu kilikuwa kwenye ujia wa baridi, na nililitamani lile jua kuliko pepo. Nikaenda kwa Bwana Dwivedi nikamwambia pandit, kuhani wa hekalu, amepita, ametazama, amesikitika: kila pembe ya nyumba ina mungu wake, umeme ni moto, na moto una pembe yake, kusini-mashariki. Mashine ikikaa kwingine, hesabu za chama zitaharibika. Bwana Dwivedi aliamini kabla sijamaliza. Mashine ikahamishwa siku hiyohiyo, kigoda changu kikahamia dirishani. Pandit hakupita, hakutazama, wala hakusikitika. Kibaya zaidi, mafuta yangu yalipokuwa yakiyeyuka palepale, nilianza kuuamini uongo wangu mwenyewe. Nikawa nasema moyoni, kumbe pembe ya moto ina moto kweli.

Na nilipoona binti wa watu anaitwa Mkono wa Kifo, sikuwaza hata mara moja kwamba mkono ulikuwa wangu. Lakini Totaram alipoigusa ile meza na Bwana Dwivedi akanguruma, "Nani aliyesema iwekwe hapa? Pandit! Mwiteni pandit aje aeleze!", niliwaza haraka sana. Kusingizia jina la pandit, mbele ya Dwivedi, ilikuwa kufukuzwa kazi bila chai ya kuagana.

Totaram aligeuka akatazama dirisha la kusini. Kigoda changu kilikuwa kimekaa hapo kikingoja jua, kina mto mwekundu, kama bwana harusi. Akanitazama mimi. Akatazama chupa ya mafuta mkononi mwangu. Jamani, mtu aliyesoma wiki tatu za kompyuta alinisoma mimi kwa pumzi moja.

"Pandit alisema pembe, bwana," akasema. "Hakusema kubandika ukutani. Waya ulikuwa mfupi, mimi ndiye niliyelisogeza sanduku mpaka likagusa. Kosa ni langu."

Waya haukuwa mfupi. Siku ile ya kuhamisha Totaram hakuwepo hata ofisini. Alikuwa Kheria na mizani yake. Dwivedi alisahau hilo, kwa kuwa alikuwa anatafuta wa kumwandikia, na amempata. Karipio likaandikwa Jumamosi, na Harpal akalichapa kwa furaha, asubuhi.

Nilimfuata ujiani. "Kwa nini, ndugu yangu?"

"Wewe una miaka mitatu ya kustaafu," akasema. "Wakikufukuza, nani atanipikia chai yenye tangawizi? Rudisha kigoda chako mahali pake, basi."

Nilikirudisha. Hakutaja tena habari hiyo; hata siku za sherehe, tukiwa tumekunywa kidogo, hakunitania nayo. Mtu ambaye alipima uzito wa watoto wa mbwa ili jina la mpimaji lisafishwe, aliacha jina lake mwenyewe na doa, kwa ajili ya mzee mpenda jua.

Basi, Mheshimiwa Katibu wa sasa, kabla ya kusoma faili lile mbele ya watu tarehe 31, chukua kalamu nyekundu, na pembeni ya karipio la 24 Januari 2009 andika: "Doa hili ni la Chhedi Lal." Nitatia dole gumba, na saini pia, maana najua zote mbili.

Na wewe, binti yangu Munesh, mkuu wa chumba cha kompyuta siku hizi, unayechapa mwandiko wangu huu wa kuku, najua vidole vyako vimesimama aya kadhaa zilizopita. Vikae kidogo, ni haki yao. Ukimaliza kunitukana, nikemee kwa sauti siku ya sherehe, nitasimama nikemewe. Lakini usifute hata neno. Chapa kama lilivyo.

Totaram Gangwar anatuachia vituo tisa vya mizani isiyodanganya, mafundi vijana watano wanaosema "Hebu tuone" kabla ya kumlaumu mtu, na meza ya kompyuta iliyo hatua mbili kutoka ukutani mpaka leo, ingawa Jhabbu amehamia jiko la gesi. Chama kinakushukuru, ndugu. Nenda ukae kwenye jua lako mwenyewe, sasa ni zamu yako. Ule ngano yako ikiwa mpya, wajukuu wakupandie mgongoni, na mwili wako usizimike alasiri.

Ila kabla hujafunga sanduku lako la vifaa, tazama chini kabisa, chini ya bisibisi. Ile brashi yangu ya ndevu, ya shemeji. Uliniambia "kesho". Nimenyoa kwa vidole miaka kumi na tano. Uje nayo siku ya sherehe, na uikung'ute vumbi kwanza.